Mtihani wa jiolojia ya utangulizi ni kukariri tu, anayebisha aje hapa

#1 MzeeWaKokoto
Wakuu salama. Naingia moja kwa moja. Nina mtihani wa jiolojia ya utangulizi, ule wenye madini, miamba, mabamba ya ganda la dunia, matetemeko na umri wa dunia, una karatasi ya maswali na una maabara ya kutambua sampuli. Msimamo wangu ni kwamba hili somo ni la kukariri tu na anayesema "elewa kwanza" anajifariji. Kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini kukariri, aina za ufa kukariri, enzi kukariri, mpangilio wa Bowen wa madini yanavyoganda kukariri. Mi nimepiga msuli vyote hivyo, ukiniamsha usiku nakutajia talki iliyo laini kuliko yote mpaka almasi iliyo ngumu kuliko yote bila kupumua. Shida ni kwamba kwenye maswali ya mazoezi naambulia nusu, kwenye sampuli ndo usiseme. Sasa niambieni kuna kitu sijakariri au? Maana madesa nimemaliza.

Halafu kuna sampuli moja ya mazoezi, namba 7. Kijivu cheusi, chembe hazionekani kwa macho, kucha haiikwaruzi, msumari wa chuma unaikwaruza kwa shida, ukidondosha tindikali inatoa povu sehemu sehemu tu sio kote. Mi nimeandika basalti, mwenzangu kaandika chokaa, msimamizi wa maabara kacheka akaondoka. Nani yuko sahihi?

#2 ChaguoLaTatu
Siti ya mbele. Wataalamu wa mawe karibuni.

#3 BiShisti
Mleta mada umejijibu mwenyewe. Kama umekariri vyote na bado unaambulia nusu basi tatizo sio kukariri. Nikupe mfano hapo hapo kwenye Mohs unayojivunia. Swali la mtihani haliji "taja madini kumi", linakuja hivi: dini (yaani aina moja ya madini) linakwaruza kalsaiti lakini haliwezi kukwaruza kioo, ukilivunja linapasuka kwa nyuso laini za pande nne, ni lipi? Kalsaiti ni 3, kioo ni kama 5.5, kwaiyo umebaki na floraiti yenye 4 na apataiti yenye 5. Orodha yako imeishia hapo, haina msaada tena. Kinachoamua ni mpasuko, floraiti inapasuka vizuri pande nne, apataiti haina mpasuko wa maana. Umeona? Namba umezijua lakini alama umekosa.

#4 Korundi9
BiShisti usimtishe mtoto wa watu. Bila kukariri hiyo 3 na 5.5 na 4 na 5 angefikaje hapo kwenye mpasuko? Naunga mkono hoja ya mleta uzi asilimia mia. Hili somo lina majina mengi kuliko somo lolote la mwaka wa kwanza na huwezi kuelewa kitu ambacho jina lake hulijui. Kariri kwanza, kuelewa kutakuja chenyewe au kusije, alama zitakuwepo.

#5 FundiMagma
Nakuja kwenye Bowen maana ndo inawaua wengi. Kukariri olivini, pairoksini, amfiboli, biotaiti alafu upande wa pili plagioklezi ya kalsiamu kushuka mpaka ya sodiamu bila kujua kwanini ni sawa na kukariri namba za simu bila kujua ni za nani. Zile za juu ndo zinaganda kwanza magma (mwamba ulioyeyuka) ikiwa ya moto sana, zina chuma na magnesiamu nyingi na silika kidogo. Zikishaganda na kuzama, magma iliyobaki inakua na silika zaidi, ndo mana mwishoni unapata feldspa ya potasiamu, muskovaiti na kwatzi. Ukielewa hilo moja umeshajua kwanini olivini na kwatzi ni nadra sana kukutana kwenye mwamba mmoja, umeshajua kwanini gabro ni nyeusi na graniti ni nyeupe nyeupe, na umeshajua kitu cha tatu ambacho kinatoka karibu kila mtihani, kuchakaa. Mwaka 1938 Goldich alionyesha mpangilio wa kuchakaa juu ya ardhi unafuata ule ule wa Bowen, dini lililoganda kwenye joto kubwa kabisa ndo linaoza haraka likifika juu kwa sababu liko mbali zaidi na mazingira liliyozaliwa. Kwatzi ya mwisho kuganda inabaki. Ndo hiyo mnaikanyaga ufukweni. Sasa Korundi9 hapo nimekariri mara moja nimejibu maswali manne.

#6 Korundi9
Umekariri mara moja. Asante kwa kukiri 😂

#7 tetemeko_jr
Mi naona wote mnakosea, watu wanafeli hili somo kwa sababu ya hesabu, sio kukariri wala kuelewa. Zile hesabu chache tu zinakula alama nyingi alafu watu wanaziruka. Mfano mawimbi ya tetemeko, P yanayofika kwanza na S yanayofuata. Unapewa tofauti ya muda kati ya P kufika na S kufika, unatakiwa umbali. Kama P ni km 6 kwa sekunde na S ni km 3.5, zidisha hizo mbili upate 21, gawanya kwa tofauti yao 2.5, unapata 8.4. Kwaiyo tofauti ya sekunde 30 ni kama km 252. Rahisi namna hiyo. Alafu unachora duara kwa vituo vitatu, zinapokutana ndo kitovu. Na mtu anaacha swali zima.

Nyingine ni ukubwa wa tetemeko. Kutoka 6 kwenda 8 sio mara mbili jamani, mtikisiko kwenye karatasi ya kipima tetemeko ni mara 100 na nishati ni kama mara 1000, kila hatua moja nishati inapanda karibu mara 32.

#8 Pengo_la_Pembe
tetemeko_jr hiyo 8.4 waambie ukweli wake, inafanya kazi kwa tetemeko la karibu ambalo mawimbi yanapita kwenye ganda la dunia. Likiwa la mbali mawimbi yanazama kwenye mantili (tabaka lililo chini ya ganda), kasi inapanda, pale lazima utumie grafu ya muda na umbali. Nimeona mtu anatumia 8.4 kwa tetemeko lililo upande wa pili wa bahari, kapata jibu la ajabu.

Alafu hesabu ya nusu maisha, muda ambao nusu ya elementi ya mionzi inageuka nyingine, ndo balaa. Unaambiwa uwiano wa mzazi kwa mtoto, yaani iliyobaki kwa iliyotokana nayo, ni 1 kwa 7. Nusu ya darasa wanaandika imebaki moja ya saba wanaanza kutafuta kikokotoo. Jumla ni 8 ndugu zangu, imebaki moja ya nane, ni nusu maisha tatu. Kama ni urani 235 yenye nusu maisha ya miaka milioni 704, mwamba una kama bilioni 2.1. Sekunde ishirini.

#9 kaka_Talki
nilijua nusu maisha moja inaisha nusu ya pili inaisha iliyobaki, mbili tu kwisha habari

#10 Pengo_la_Pembe
kaka_Talki ingekua hivyo dunia isingekua na urani hata ya dawa. Kila mara inaondoka nusu ya ILIYOBAKI.

#11 kaka_Talki
sawa mwalimu. jina langu si mnaliona lakini, mi ni laini

#12 MzeeWaKokoto
Naona hoja zenu. Ila mbona hamna aliyegusa namba 7? Na pia hamjanishawishi, vyote mlivyosema hapo nimeviongeza kwenye vitu vya kukariri.

#13 JichoLaTatu
Namba 7 hiyo ni basalti mkuu usihangaike. Basalti ikitoka ina mapovu ya gesi, baadae maji yenye madini yanapita kwenye vile vishimo yanaacha kalsaiti. Tindikali inachemka pale penye kalsaiti tu, mwamba wenyewe hauchemki. Umepata.

#14 BiShisti
Taratibu JichoLaTatu. Msumari wa chuma una ugumu kama 5 na kitu, basalti nzima imejaa plagioklezi na pairoksini za 5 mpaka 6.5. Msumari ulitakiwa uteleze uache mstari wa chuma wa kijivu juu ya jiwe. Yeye kasema unakwaruza, kwa shida ila unakwaruza. Mi nasema ni dolomaiti. Dolomaiti haichemki ikiwa nzima, inachemka ikiwa unga. MzeeWaKokoto nijibu hili kwanza kabla ya kingine chochote: tindikali uliidondosha juu ya pale ulipokwaruza na msumari au kwenye uso safi? Kama ulidondosha popote ikachemka penye mikwaruzo tu basi kesi imekwisha.

#15 MzeeWaKokoto
Hapo sikuangalia. Jiwe lenyewe lina mikwaruzo ya kila aliyepita maabara tangu zamani.

#16 FundiMagma
Ndo hapo sasa. BiShisti basalti ikianza kuoza inalainika, olivini na pairoksini zinageuka udongo na kloraiti, msumari utaingia bila shida. Sampuli za kufundishia nyingi zimeokotwa juu ya ardhi, zimeshachakaa nje. Huwezi kuitupa basalti kwa msumari peke yake. Tafuta uso mpya uliovunjwa.

#17 Korundi9
Na chokaa je? Mwenzake kaandika chokaa na hakuna anayemtetea maskini.

#18 BiShisti
Chokaa ingechemka yote, tena kwa kelele. Labda chokaa iliyojaa tope na silika, hapo povu linakua la unyonge na la madoa. Haiwezekani kukataa kabisa.

#19 Pengo_la_Pembe
Au jiwe la tope lililogandishwa na kalsaiti. Mmesahau. Pumulia jiwe alafu nusa, likitoa harufu ya udongo mbichi kuna udongo mfinyanzi ndani.

#20 kaka_Talki
mnanusa mawe sasa, kesho mtayalamba

#21 JichoLaTatu
kaka_Talki tunayalamba kweli 😂 halaiti inajulikana kwa chumvi yake, udongo wa kaolini unang'ang'ania kwenye ulimi, na jiwe la tope unaweza kulitofautisha na la mchanga laini kwa kusaga kichembe kwenye meno, likikwaruza lina mchanga laini, likiwa nyororo ni udongo. Ila sampuli za maabara usilambe. Ile halaiti imelambwa na vizazi na vizazi, na waliotangulia walidondosha tindikali humo humo. Halaiti ina nyuso tatu za mpasuko kwa nyuzi 90, vipande vinatoka kama vijisanduku. Kalsaiti nayo ina tatu lakini pembe zimelala. Macho yanatosha, ulimi uache.

#22 MamaMichoro
Naona mnabishana kukariri na kuelewa na hesabu, hakuna aliyesema kitu kinachofelisha kweli kweli, MICHORO. Mtu anaweza kukutajia kanuni zote za Steno za 1669, tabaka la chini ni la zamani, matabaka huanza yakiwa yamelala, kinachokata ni kichanga kuliko kilichokatwa, alafu mpe mchoro wa ukuta wa miamba wenye matabaka, daiki (magma iliyoganda ikiwa imekata matabaka), ufa na pengo (mahali palipomomonyolewa kabla ya kufunikwa) juu yake, aweke matukio kwa mpangilio, anaganda.

Na kuna mtego mmoja ambao watunga mitihani wanaupenda mno. Katikati ya mashapo yaliyolala kuna bamba la basalti nalo limelala sambamba. Je ni lava iliyomwagika juu ya ardhi ikafunikwa baadae, au ni sili, yaani magma iliyojipenyeza kati ya matabaka yaliyokuwepo tayari? Kwa kanuni ya kwanza peke yake utasema ni changa kuliko ya chini na kongwe kuliko ya juu, basi. Ikiwa ni lava uko sawa. Ikiwa ni sili umekosa swali lote maana sili ni changa kuliko tabaka la juu yake pia. Jibu liko kwenye mipaka, tena kwa alama ndogo ndogo ambazo mchoraji anaweka. Angalia kama tabaka la juu limeungua pale linapogusana na basalti. Sili inaunguza juu na chini. Lava inaunguza chini tu, maana ya juu ilikuja wakati imeshapoa. Alafu angalia vipande: kama kuna vipande vya basalti ndani ya mashapo ya juu, hiyo ilikua lava ikamomonyolewa kidogo kabla ya kufunikwa. Kama kuna vipande vya mashapo ya juu ndani ya basalti, ni sili. Alafu vishimo vya gesi, lava mara nyingi inavyo vingi karibu na uso wake wa juu.

Sasa niambieni hapo umekariri nini. Umechukua mchoro ukauhoji.

#23 Korundi9
Umekariri kwamba sili inaunguza pande mbili.

#24 MamaMichoro
Korundi9 wewe mtu mgumu kweli, jina lako halikukosea. Mtu anayejua kitu cha moto kinaunguza kinachogusa hahitaji kukariri hilo.

#25 Almasi_Feki
Korundi9 ni 9 mimi ni 10, na msisahau kwamba ile hatua ya mwisho sio sawa na zingine. Mohs alipanga mwaka 1812 kwa nani anamkwaruza nani, sio kwa kipimo. Almasi ni ngumu kama mara nne ya korundi kwa ugumu halisi wakati namba inaonyesha tofauti ya moja. Hiyo inatoka kwenye kweli au si kweli.

#26 tetemeko_jr
MamaMichoro umepiga penyewe ila ongeza na mikunjo. Antiklaini (mkunjo uliopinda kwenda juu) ikimomonyolewa, katikati yanaonekana matabaka ya zamani, sinklaini (uliopinda kwenda chini) katikati yanaonekana machanga. Watu wanachanganya kwa sababu wanaangalia kilima na bonde, kumbe sinklaini inaweza kabisa kuwa kilele cha mlima baada ya mmomonyoko. Umbo la ardhi sio umbo la mkunjo.

Na ufa: simama kwa mawazo ndani ya ufa uliolala, upande unaoukanyaga ni ukuta wa chini, unaokuning'inia kichwani ni ukuta wa juu. Ukuta wa juu ukishuka ni ufa wa kawaida, ardhi inavutwa. Ukipanda ni ufa wa kinyume, ardhi inabanwa. Usianze na kushoto kulia utapotea.

#27 MzeeWaKokoto
Hiyo ya ukuta wa juu nimeipenda. Shukrani. Sasa kuna swali la insha, "ni nini kinachoyasogeza mabamba ya dunia". Mi nimekariri mikondo ya joto kwenye mantili, lile duara la chungu kinachochemka. Tosha?

#28 JichoLaTatu
Haitoshi. Jibu la kisasa ni mvuto wa bamba linalozama. Bamba la bahari likizeeka linapoa, linakua zito, likifika kwenye mtaro linazama kwenye mantili na kuvuta lililobaki nyuma yake. Ushahidi ni kwamba mabamba yenye kingo ndefu zinazozama, kama Pasifiki na Nazca, yanakimbia zaidi kuliko yasiyo na kingo hizo kama la Afrika au Yurasia. Andika hilo mbele.

#29 FundiMagma
JichoLaTatu mbona unafunga mlango haraka. Bamba la Amerika ya Kusini karibu halina sehemu yake inayozama, na bado linaenda magharibi. Nani analivuta? Hapo unahitaji msukumo wa mgongo wa bahari (safu ya milima chini ya bahari), ardhi mpya kwenye mgongo wa kati wa Atlantiki iko juu na ina joto, inateleza kushuka na kusukuma pembeni. Na wengine wanasema mantili yenyewe inaburuta kwa chini.

#30 Pengo_la_Pembe
Na hivyo vyote ni mikondo ya joto tu! Bamba linalozama ndo upande wa baridi wa mkondo. Mnaongea kana kwamba ni vitu vitatu vinavyogombana, bamba sio abiria juu ya mkondo, ni sehemu ya mkondo wenyewe.

#31 JichoLaTatu
Sawa lakini ukiandika "mikondo" peke yake na kale kaduara msahihishaji anajua umeishia vitabu vya zamani.

#32 FundiMagma
Inategemea msahihishaji kasoma wapi. Angalia slaidi zenu wanasema nini, mi ningeandika zote tatu nikasema ipi ina ushahidi gani. Na muanze na historia kidogo, Wegener aliileta hoja ya mabara kusogea mwaka 1912, akabezwa kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuyasogeza, ikabidi isubiri sakafu ya bahari. Hess 1962 na upanuzi wa sakafu, alafu Vine na Matthews 1963 na ile mistari ya sumaku inayofanana pande zote mbili za mgongo. Hiyo mistari ndo alama za bure, chora.

#33 kaka_Talki
wegener angekua na huu uzi angepata nguvu tatu kwa mpigo

#34 Bonde_Jembamba
Samahani nachelewa. Kuhusu maabara, mi naona mnaongelea mitego mikubwa mnaacha midogo inayokula watu. Rangi. Rangi ndo mwongo namba moja. Kwatzi inakuja nyeupe, ya waridi, ya zambarau, ya moshi. Floraiti nayo zambarau. Hematiti inakuja ya fedha inayong'aa kama chuma kabisa, mtu anaandika galena, angeiburuza kwenye kisahani cha kaure angeona unga mwekundu wa kahawia akamaliza. Pairaiti inang'aa dhahabu lakini unga wake ni mweusi wenye kijani kijani. Galena yenyewe ukiibeba tu mkono unajua, nzito mno kwa ukubwa wake, na inavunjika vijisanduku.

Obsidiani je? Nyeusi tii, kila mtu anaiweka na basalti kwenye kundi la silika kidogo. Kumbe mara nyingi muundo wake ni wa rayolaiti, mwamba wa volkano wenye silika tele. Weusi wake unatokana na vichembe vidogo vya madini ya chuma kwenye kioo.

Na hornblendi na pairoksini, zote nyeusi, zote ugumu karibu sawa. Angalia pembe za mpasuko kwa lenzi. Pairoksini inakaribia 90, hornblendi ni kama 60 na 120. Zungusha jiwe chini ya taa polepole mpaka uso mmoja umulike, alafu endelea kuzungusha mpaka wa pili umulike, kadiria umezungusha kiasi gani. Hakuna desa litakalokufundisha hiyo, ni mkono.

#35 BiShisti
Bonde_Jembamba umesema yote. Naongeza moja ya kundi langu, miamba iliyogeuzwa na joto na mgandamizo: kwatzaiti na marumaru zote zinaonekana kama sukari nyeupe. Jaribu kukwaruza kioo. Kwatzaiti inakwaruza, marumaru haiwezi na inachemka kwenye tindikali. Na slati na jiwe la tope, gonga kidogo mezani, slati inalia, la tope linatoa mlio mfu.

#36 Korundi9
Bado nasema mmekariri. Unga wa hematiti mwekundu mmeuota?

#37 MamaMichoro
Hahaha Korundi9 hatukuwezi.

#38 Almasi_Feki
Jamani na lava zote si ni silikati (zimejengwa na silika)? Kuna swali hapa la kweli au si kweli linasema hivyo, nimeweka kweli.

#39 FundiMagma
Si kweli. Ol Doinyo Lengai kule Tanzania inatoa lava ya kabonati ya sodiamu, ndo volkano pekee hai inayojulikana kutoa hiyo. Inatoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi wakati basalti ni 1100 na kuendelea, ni nyeusi na nyepesi kutiririka, alafu ikipigwa na unyevu inageuka nyeupe ndani ya muda mfupi.

#40 Almasi_Feki
Aisee. Lakini mtunga swali si huenda alimaanisha kwa ujumla?

#41 tetemeko_jr
Kweli au si kweli zenye neno "zote" weka si kweli ulale 😂

#42 Pengo_la_Pembe
Sio kila mara. "Mawimbi yote ya S hayapiti kwenye kimiminika", hiyo ni kweli na ndo ilitufanya tujue kiini cha nje ni kimiminika. Ukiweka si kweli kwa mazoea umeliwa. Cha ndani kigumu alikigundua mtafiti wa matetemeko Inge Lehmann 1936 kwa mawimbi ya P yaliyotokea mahali yasipotarajiwa.

#43 MzeeWaKokoto
Wakuu nimerudi maabara. Nimechukua lenzi na sumaku ndogo nikaifunga kwenye uzi kama alivyonishauri mtu kwa ujumbe wa pembeni. Namba 7: sumaku inavutika kidogo sana, sio kwa uhakika, upande mmoja ndo naona inasogea. Nimekwaruza upya nikadondosha tindikali kwenye unga, povu dogo sana. Ila yale madoa yanayochemka vizuri nimeyaona kwa lenzi, ni viduara vyeupe, vingine vimekaa kama kwenye mstari. Kwaiyo?

#44 JichoLaTatu
SI NILISEMA. Vishimo vya gesi vilivyojaa kalsaiti, vimekaa kwenye mstari kwa sababu lava ilikua inatiririka. Sumaku inavuta kwa sababu ya magnetiti. Basalti, fungeni uzi.

#45 BiShisti
Hakuna kufunga. Viduara vyeupe vya kalsaiti kwenye mstari ndani ya jiwe jeusi lenye chembe ndogo vinaweza kuwa vipande vya mashina ya krinoidi, wanyama wa baharini, vimelala kwenye tabaka. Hapo ni mashapo, tena ya tope. Mzee angalia viduara vina kitundu katikati? Na ukivizungusha kwenye mwanga kila kimoja kinamulika chote kwa pamoja? Kila kipande cha krinoidi ni fuwele moja ya kalsaiti.

#46 MzeeWaKokoto
Viwili vitatu vina kitu cheusi katikati. Kumulika vinamulika, lakini sijui ni vyote au nusu.

#47 FundiMagma
Kitu cheusi katikati hakimalizi. Kishimo cha basalti kinaweza kujazwa kwa awamu, dini moja linapaka kuta kwanza alafu lingine linajaa katikati, unapata duara ndani ya duara. Na kalsaiti kwenye kishimo nayo inaweza kuwa fuwele moja ikamulika yote. Angalia ukingo wa duara, kama umechongwa sawa sawa na vyote vina upana unaofanana, naelekea kwa BiShisti. Kama kila kimoja kina saizi yake na vingine vimevutwa kama yai, naelekea kwa JichoLaTatu.

#48 Pengo_la_Pembe
Na unga uliochemka kidogo umeusahau, hiyo inatoka wapi kama ni basalti? Bado naona jiwe la tope lenye kalsaiti.

#49 JichoLaTatu
Inatoka kwenye msumari uliogusa kiduara. Jamani.

#50 Bonde_Jembamba
MzeeWaKokoto kwenye karatasi ya maabara anza kuandika ulichokiona, rangi, chembe, ugumu, povu liko wapi, umbo la madoa, alafu jina mwisho. Sehemu nyingi uchunguzi una alama zake hata jina likikataa.

#51 Korundi9
Na hayo majina ya kuchagua awe amekariri yote, basalti, dolomaiti, chokaa, jiwe la tope. Naendelea kusimama nilipo.

#52 kaka_Talki
mzee rudi ukapime upana wa viduara basi, tunakusubiri hapa. na kama hiyo lenzi inaazimishwa niulizie na mimi, mtihani wangu uko nyuma ya wako